Mkono wa Flashi na Raha ya Mpiga Picha

(Hotuba kwa vijana wapiga picha wa kambi, iliyochapwa katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani)





 Katika juma hili la kumbukumbu ya tarehe 20 Juni, wenzangu wamezungumza juu ya elimu, maji na afya. Mimi nimeombwa kuzungumza juu ya kitu kidogo cha chuma: mkono wa flashi, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya kamera ili flashi iondoke kichwani mwa kamera na kusimama pembeni, juu zaidi. Pengine mtu atauliza, chuma hicho kinaihusu nini jumuiya ya wakimbizi?

Kinaihusu sana. Wengi wetu tulipotoka nyumbani hatukubeba albamu. Wapo watu wazima kati yetu ambao hawana hata picha moja ya mama zao. Kwa hiyo picha zinazopigwa hapa Dzaleka, tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1994, ndizo albamu ya kwanza ya familia nyingi. Ndugu akipata safari ya kwenda Kanada au Australia, picha ya jioni ya kuagana ndiyo inayobaki nyumbani. Harusi hairudiwi, wala mazishi hayarudiwi. Bwana harusi akitoka na macho mekundu, au uso wa bibi ukimezwa na kivuli, hakuna wa kumwambia aje tena kesho.

Nitasema mambo manne: kwa nini tuitoe flashi juu ya kamera, namna ya kufunga mkono wake, namna ya kuushika bila kuumia, na namna ya kutumia mwanga wenyewe.

Jambo la kwanza. Mkono wa flashi si mtindo mpya. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali, na wapiga picha waliuwasha mbali na kamera kwa sababu ya moto na moshi. Baadaye wapiga picha wa magazeti ya Marekani waliifunga taa yao ubavuni mwa kamera kubwa ya Speed Graphic. Hatari ya moto iliondoka, lakini faida ya kuitenga taa na lenzi imebaki.

Faida hiyo ni hii. Gizani mboni ya jicho hupanuka. Flashi ikiwa karibu na lenzi, mwanga huingia jichoni moja kwa moja, hugonga ukuta wa nyuma wenye damu nyingi, kisha hurudi kwa njia ileile hadi kwenye lenzi. Hayo ndiyo macho mekundu. Ukiiinua flashi sentimita 20 au 25 kutoka kwenye lenzi, mwanga unaorudi hupita kando. Mtu akiwa mbali sana faida hiyo hupungua, basi msogelee.

Aidha, mwanga unaotoka juu kidogo huupa uso umbo. Ngozi zetu nyeusi hupendeza sana pale mwanga unapoonyesha paji, shavu na kidevu. Mwanga unaogonga usoni moja kwa moja huufanya uso uwe bapa kama sahani. Vilevile kivuli huanguka chini nyuma ya mtu, badala ya kusimama ukutani kama mtu wa pili. Msimamishe mtu wako mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani, na kivuli hicho kitapungua sana.

Jambo la pili ni kufunga. Tundu lililo chini ya kamera nyingi huchukua skrubu ya inchi 1/4, yenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Nawaomba mlishike hili, kwa sababu dukani skrubu ya milimita 6 inafanana nayo sana. Itaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha itakwama. Ukiilazimisha, unaharibu nyuzi za kamera. Skrubu ikishapita kwenye bamba, sehemu inayoingia ndani ya kamera isizidi milimita 4 au 5. Ikiwa ndefu zaidi, inasukuma kitako cha kamera kutoka ndani. Kaza kwa vidole tu, usitumie koleo.

Asiye na fedha za kununua mkono wa dukani anaweza kutengenezewa na fundi. Bamba la alumini lenye unene wa milimita 3 na upana wa sentimita 3 linatosha. Likunjwe kama herufi L: sehemu ya kulala ikae chini ya kamera, sehemu ya kusimama iwe upande wa kushoto, na juu yake kifungwe kikalio cha kuchomekea flashi. Kingo zote zipigwe tupa mpaka zisikwaruze kidole. Kati ya bamba na kamera weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili kamera isizunguke. Mpira huohuo uzungushe kwenye sehemu ya kushikia. Jasho la usiku wa harusi haliteleshi juu ya mpira.

Jambo la tatu ni kushika, na hapa ndipo vijana wengi huumia. Kamera na lenzi yake, flashi, betri nne na chuma chenyewe vinaweza kufika kilo moja na nusu au mbili. Saa ya kwanza uzito huo si kitu. Saa ya nne, wakati wa kukata keki, kiganja kinatetemeka, bega linawaka, na mpiga picha anaanza kupiga upesi ili tu aishushe kamera. Ndiyo maana nasema raha ya mpiga picha ni sehemu ya kazi, wala si deko. Mkono uliochoka hauchagui picha.

Kwanza, punguza mzigo unaovuta pembeni. Flashi ikisimama mbali sana upande wa kushoto, inavuta kiganja kama ndoo iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Isogeze karibu na kamera kadiri waya na vidole vinavyoruhusu. Fanya jaribio hili: weka kiganja cha kushoto chini ya bamba, legeza mkono wa kulia kidogo, uone kama kamera inaegemea upande mmoja. Ikiegemea, legeza skrubu, isogeze kamera kwenye bamba, ujaribu tena.

Pili, chagua mkono wa kushoto utakaa wapi. Kama lenzi yako huzungushwa kwa vidole ili kuona sawasawa, kushika ile sehemu ya kusimama kutakunyima vidole hivyo. Basi acha kiganja cha kushoto chini ya bamba, vidole vikifika kwenye lenzi. Kama kamera inajirekebisha yenyewe, unaweza kushika sehemu ya kusimama. Kwa vyovyote kiganja kinyooke, kisipinde, na viwiko viegemee mbavuni. Uzito ubebwe na mwili, usiachiwe vidole.

Tatu, mkanda uvae kwa kupitisha kichwani na begani, ukikatiza kifuani, usiuning'inize shingoni. Nao ufungwe kwenye masikio ya kamera yenyewe. Ukifungwa kwenye chuma peke yake, siku skrubu itakapolegea kamera ndiyo itakayoanguka. Kila baada ya picha 20 au 30, igeuze skrubu kwa kidole uhakikishe imekaza. Na kati ya tukio na tukio ishushe kamera. Mkipiga harusi wawili, pokezaneni.

Sasa kuhusu kusimamisha kamera. Wengi wetu tumezoea kuigeuza kamera kwa picha ya wima huku mkono wa kulia ukiwa juu. Flashi ikiwa kushoto, kwa kufanya hivyo inaangukia chini ya lenzi, na mwanga unampanda mtu kutoka kidevuni kama anayewasha moto usiku. Geuza kinyume: mkono wa kulia uende chini, kiwiko chake kikae ubavuni, na flashi ipande juu ya lenzi. Hapo uso unapata mwanga mzuri, na bega linapumzika. Mkono wa dukani wenye bawaba, unaoirudisha flashi juu kila unapogeuza kamera, hufanya kazi hiyohiyo, lakini ni mzito zaidi.

Jambo la nne ni waya na mwanga. Flashi ikitoka juu ya kamera inahitaji waya wa kuiunganisha. Waya wenye nukta zinazolingana na kamera yako huiwezesha flashi kujipimia mwanga. Waya wa kawaida huiwasha tu, nawe unapima mwenyewe. Ufunge kwenye chuma kwa uzi au mpira, ili usinase kwenye vitenge na shanga za wageni.

Jihadharini na flashi za zamani. Baadhi yake hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na baadhi ya kamera za dijitali zimetengenezwa kustahimili volti chache tu. Mpe fundi wa redio aipime kabla ya kuiunganisha. Wala usiifungue flashi mwenyewe. Ndani yake hubaki umeme wa volti takriban 300 hata betri zikishatolewa.

Kupima kwa mkono si kugumu. Kila flashi ina namba yake ya nguvu, na mara nyingi huandikwa kwa ISO 100. Igawanye kwa umbali wa mita kutoka kwenye flashi hadi kwa mtu, upate tundu la lenzi. Namba ikiwa 28 na mtu yuko mita tatu na nusu, tumia tundu la 8; akiwa mita tano, tumia 5.6. Kasi ya shata iwe 1/60 ya sekunde kama huijui kamera yako vizuri. Ukizidisha, sehemu ya picha inaweza kutoka nyeusi. Mkumbuke pia kwamba umbali ukiwa maradufu, mwanga hubaki robo. Ndiyo sababu katika picha ya ukoo watoto wa mbele hutoka weupe na wajomba wa nyuma hupotea. Rudi nyuma, wapange kwa upinde, na mistari ikaribiane.

Flashi inayojipima yenyewe hudanganywa na nguo. Shela jeupe huiambia kwamba mwanga umetosha, na uso wa bibi harusi unabaki gizani. Ongeza nusu hatua au hatua nzima. Suti nyeusi huidanganya kinyume chake. Ukitaka mwanga laini, elekeza flashi kwenye dari au turubai jeupe. Turubai la buluu litawapaka watu wote rangi ya buluu. Na kabla ya kila picha subiri taa ya flashi iwake. Betri zikichoka huchukua sekunde nyingi.

Namalizia kwa neno la adabu. Mkono wa flashi hukufanya uonekane, na mwanga wake husikika kama sauti. Kati yetu wapo watu ambao kuonekana kwa nyuso zao huko walikotoka ni hatari kwao au kwa ndugu waliobaki. Omba ruhusa kabla ya kuinua kamera, msibani na arusini, na mtu akikataa, ishushe bila kuuliza sababu. Msipige flashi karibu na macho ya mtoto mchanga.

Vijana wangu, mmeshika kumbukumbu za watu waliokwisha kupoteza kumbukumbu zao mara moja. Fungeni skrubu zenu vizuri, shikeni kwa raha, ili picha ya mwisho ya usiku iwe na uangalifu uleule wa picha ya kwanza. Mzee aliyekaa kwenye kona, ambaye zamu yake hufika saa tano za usiku, naye anastahili uso wake uonekane.