Mtoto Asiyeshika Herufi na Haki Yake ya Kutetewa
(Hotuba kwa Waislamu wa Kagugu, Kigali)

 

Vyuoni aghalabu hupatikana mtoto wa kustaajabisha. Akisomewa sura huishika kwa sikio na kuirudia bila kosa. Akiwekewa juzuu mbele yake, ba na ta na tha humchanganyikia, kana kwamba nukta zinahama. Mwalimu mwenye haraka humwita mvivu. Jirani humwita mzito, na jina hilo likishaenea mtaani ni kazi kubwa kulifuta.

Akili ya mtoto huyo ni timamu. Mwaka 1896 tabibu wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14, mzuri wa hesabu, aliyefundishwa miaka mingi asiweze kusoma. Mwalimu wake alisema kuwa lau masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angewapita wenzake wote. Hali hiyo leo huitwa disleksia, nayo ni namna moja tu ya ulemavu wa kujifunza. Wako wanaokwama katika hesabu, na wako ambao mkono hauwatii katika kuandika. Majini hawahusiki, na fimbo haijapata kumfundisha mtu herufi. Kinachofaa ni kufundishwa polepole, sauti kwa sauti na herufi kwa herufi, kwa kurudiarudia, na kupewa muda wa kutosha.

Lakini nani atakayemwombea hayo? Shule ya Kagugu ina maelfu ya wanafunzi, na katika shule nyingi za Rwanda madarasa ya chini husoma kwa zamu. Mwalimu aliyefurikiwa na watoto humwona anayejibu na humwona anayefanya fujo; aliyenyamaza kwenye benchi la nyuma humpita. Kagugu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo nchini kupewa kompyuta ndogo za watoto, na hiyo ilikuwa heri. Hata hivyo kompyuta haiwezi kwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kwa nini mtoto amerudia darasa lile lile mara mbili. Anayepaswa kwenda ni mzazi.

Wala mzazi huyo haendi kuomba sadaka. Tarehe 20 Januari 2007 Rwanda ilitunga Sheria nambari 01/2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Mwaka 2008 ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao, ambao kifungu chake cha 24 chahusu elimu. Na mwaka 2018 serikali ikatoa upya sera ya elimu jumuishi. Maandishi hayo yote hulala kabatini mpaka atokee mtu wa kuyataja kwa adabu, na kuyataja tena asipojibiwa.

Liko jambo moja lipasalo kuangaliwa sana. Kwa uamuzi wa Desemba 2019, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na huku nyumbani mtoto husema Kinyarwanda, pengine na Kiswahili. Akishindwa, hapana ajuaye mara moja kama kilichomshinda ni herufi au ni lugha. Basi mzazi mwerevu huomba mwanawe asomeshwe maneno ya Kinyarwanda mbele ya mwalimu. Akisoma sawasawa, yaelekea tatizo ni lugha. Akikwama hata hapo, yafaa achunguzwe zaidi, macho na masikio yakitangulia. Kisha mzazi aombe vitu vinavyoweza kutendeka: mtoto akae mbele, aulizwe kwa mdomo, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake wakamcheka. Na ombi la muda wa ziada lisingoje wiki ya mtihani. Lipelekwe mapema, kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani.

Waislamu wa Rwanda wanajua maana ya kuachwa nje ya mlango wa shule. Zama za Wabelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Kiislamu walikosa elimu hiyo, wengine kwa kuwa wazazi wao walichelea dini yao. Shule za Kiislamu zilizopo leo hazikuota zenyewe kama nyasi, ziliombwa, zikachangiwa. Ajabu iliyoje, basi, katika nyumba za watu hao hao mtoto kufichwa chumbani ajapo mgeni, au kutumwa sokoni wakati nduguze wako darasani!

Mama akienda shuleni peke yake, huenda akaambiwa arudi wiki ijayo. Akifuatana na baba, na mwalimu wa chuo akiwa pamoja nao, atapewa kiti. Mwalimu huyo anao ushahidi ambao mwalimu wa shule hana: amemsikia mtoto akisoma kwa moyo sura nzima. Na aende akaseme alichosikia.