Jiwe Zito Jeusi la Unyamwezi: Kimondo au Mavi ya Chuma?



Siku hizi mtu akiokota jiwe jeusi na zito kando ya njia ya zamani ya misafara, iwe Kwihara au kule Urambo, kisha likavutwa na sumaku, wazo la kwanza ni kimondo na la pili ni bei. Mimi nasema tuanze na wahunzi.

Wanyamwezi na jirani zao Wasumbwa waliyeyusha chuma miaka mingi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Majembe ya Usumbwa yaliuzwa Tabora na kutolewa mahari. Mawe yenye chuma yalipangwa na makaa ndani ya tanuru la udongo, mivukuto ikasukuma hewa kupitia mirija ya udongo, na takataka za mawe zikayeyuka na kuganda. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Ni meusi, mengine yana uzito wa kushangaza, na yenye mabaki ya chuma huvutwa na sumaku. Kwa hiyo sumaku peke yake haiamui kitu.

Angalieni vitundu. Mavi ya chuma yaliganda yakiwa na gesi ndani, hivyo mara nyingi yana vitundu au mikunjo ya kutiririka. Kimondo kwa kawaida hakina. Kilichoanguka karibuni kina gamba jeusi lisilofikia hata milimita chache, na baadhi vina mabonyeo kama ya dole gumba kwenye udongo mbichi. Kisha likwaruzeni jiwe nyuma ya kigae, pasipong'aa. Mstari mwekundu ni dalili ya hematiti, na mweusi ni wa magnetiti; jiwe la namna hiyo kwa kawaida si kimondo. Sumaku iwe ndogo, ining'inizwe kwa uzi. Ile yenye nguvu hufuta usumaku wa asili ambao watafiti huutafuta ndani ya kimondo.

Wengi wetu tunapima kila jiwe kwa Kimondo cha Mbozi, pande la takriban tani 16, karibu asilimia 90 chuma na zaidi ya 8 nikeli. Kipimo hicho kinapotosha, kwani vimondo vingi vinavyoanguka ni vya mawe. Kile cha Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kilichoanguka Desemba 1938, hakikufikia hata kilo moja, tena ni laini. Lakini ndicho kilichoipa jina jamii adimu ya vimondo ambavyo kemia yake inakaribia sana ile ya Jua.

Jiwe likivuka majaribio haya, lipelekwe kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, wapime nikeli. Msilipasue kwa nyundo. Andikeni mahali lilipookotwa, kina chake, na vilivyokuwa jirani. Mkiona vipande vya mirija ya udongo iliyoungua, acheni kuchimba: hapo huenda palikuwa na tanuru. Kwenye sehemu hiyo aitwe mwanaakiolojia, hata kama jiwe lenyewe halina soko.