TUOKOE SAUTI ZA WAZEE WETU



Leo tuzungumze juu ya kanda za kaseti. Nyumba nyingi bado zinazo, ndani ya sanduku au juu ya kabati, zimejaa vumbi. Si muziki tu uliomo. Kabla hatujajua kuandika, wengi wetu tulipeleka habari kwa kanda. Babu alisema mbele ya redio kaseti, kanda ikaenda mjini kwa mwanawe. Humo mna salamu, habari za ukoo, nyimbo za harusi, hata wosia. Wengi waliosema wameshafariki.

Je, kanda hudumu milele? La. Kaseti hizi zilianza mwaka 1963, zikitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Utepe wake ni plastiki nyembamba, upana haufiki milimita 4. Umepakwa unga laini wenye chuma, na sauti imeshikwa humo kwa sumaku. Unga ukibanduka, sauti imekwenda nao. Jua kali, unyevu, ukungu na vumbi ni adui zake. Spika nayo ina sumaku, basi tusiweke kanda juu yake.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tuvunje vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti. Vikivunjwa, redio haiwezi kurekodi tena juu yake. Tusije tukamfuta bibi kwa wimbo wa dansi!

Pili, tusikimbilie kuipiga. Tuizungushe kwanza taratibu kwa penseli. Tukiona ukungu mweupe, tumpelekee fundi. Redio iwe nzima, na pale inapopita kanda pasafishwe kwa pamba na spiriti. Redio mbovu hula kanda.

Tatu, tunakili. Fundi huunganisha redio na kompyuta kwa waya. Kama hakuna fundi, tutafute chumba kimya, tuweke simu karibu na spika, irekodi. Sauti haitakuwa safi sana, lakini kidogo si haba. Kanda ya dakika 60 itachukua saa nzima. Nakala ziwe mbili, kwa watu wawili. Kanda yenyewe tusiitupe. Na mambo ya siri ya ukoo tusiyasambaze ovyo kwenye simu.

Nne, tuandike. Hili ndilo kubwa. Tuwaite wazee wasikilize nasi. Tuwaulize: Huyu anayesema ni nani? Huyo anayemtaja ni nani kwetu? Ilikuwa mwaka gani? Majibu tuyaandike daftarini na juu ya kaseti. Mashine hunakili sauti, lakini haijui ni ya nani. Wazee hao wakiondoka, wajukuu watabaki na sauti ya mtu wasiyemjua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, kalamu sasa tunayo. Wiki hii tufungue masanduku.