Simu na Dawa za Mgonjwa Wako

Leo tuzungumze juu ya simu na vifaa vinavyomsaidia mgonjwa asisahau dawa.

Anayetibiwa TB humeza dawa kila siku, mara nyingi kwa miezi sita. Anayeishi na virusi vya ukimwi huzimeza maisha yake yote. Akishapata nafuu, ni rahisi kuruka siku moja, kisha mbili, kisha tatu. Hapo viini huzoea dawa na kuwa sugu, na tiba inayofuata huwa ngumu zaidi.

Siku hizi kuna visanduku vya dawa vyenye taa na kengele. Saa ikifika, kisanduku hulia. Ukikifungua, hupeleka habari kliniki kupitia mtandao wa simu. Usipokifungua, mhudumu wa afya huona na anaweza kukufuatilia. Lakini kumbuka, mama, kisanduku kinajua tu kwamba kifuniko kimefunguliwa. Hakijui kama dawa imemezwa, imetapikwa au imetupwa. Hilo linahitaji macho yako.

Hapa Kenya, kati ya mwaka 2007 na 2009, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya ukimwi walifuatiliwa katika kliniki tatu. Karibu nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Kati ya waliotumiwa ujumbe, 62 kwa kila 100 walisema wanameza dawa inavyotakiwa. Kwa wale wengine, walikuwa 50 kwa kila 100.

Angalieni: ujumbe ule haukutaja dawa wala ugonjwa. Na baada ya ujumbe, kulikuwa na mtu wa kusikiliza shida.

Basi nyumbani tufanye hivi:

Kwanza, tega kengele ya simu ilie kila siku saa uliyoelekezwa kliniki.

Pili, mtazame mtoto mpaka ameze, kisha utie alama kwenye kalenda. Simu ikiisha chaji, kalenda itabaki ukutani.

Tatu, kama simu inatumiwa na watu wengi nyumbani, iombe kliniki itume ujumbe usiotaja ugonjwa.

Nne, dozi ikisahaulika au mtoto akitapika, usimpe mara mbili kwa kukisia. Piga simu kituo cha afya uulize.

Mwisho, ukiulizwa hali ya mgonjwa, usiseme "sawa" kwa kuona haya. Kama dawa zinamchafua tumbo, au umekosa nauli ya kwenda kuzichukua, sema. Tusipojua shida yako, hatuwezi kukusaidia.

Mgonjwa wako apate nafuu.