Kijana Msomi na Sanduku la Wafanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Mimi si msomi. Elimu yangu ni ya shule ya misioni, darasa la nane, na kazi yangu ni kuunganisha mabehewa. Lakini shauri lililo mbele yetu lanihusu.

Shule moja ya biashara yaomba wanafunzi wake wawili waje miezi mitatu katika chama chetu cha akiba na mikopo, wajifunze biashara yenye kufaa watu na uongozi wa haki. Wengine wetu wamesema, "Hatutaki." Nami najua sababu. Miaka sita iliyopita tulimwandika kazi kijana mwenye shahada. Alitushinda sote kwa hesabu. Akazitia fedha zetu katika ploti bila kutuuliza, na mimi nikakaa miezi saba nikidai akiba yangu, hata mtoto wangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kijana yule hakuiba hata senti moja. Kosa lake ni kudhani kwamba fedha hazina wenyewe. Shuleni alifundishwa faida. Hakufundishwa kumjua mwenye fedha.

Basi niwaambie habari za Mondragón, mji mdogo katika nchi ya Wabaski huko Hispania. Mwaka 1941 alifika kasisi kijana, José María Arizmendiarrieta, akakuta umaskini mwingi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuanza na kiwanda. Mwaka 1943 alianza na shule ya ufundi, akawafundisha vijana mashini, na pamoja na mashini akawafundisha haki na wajibu. Mwaka 1956 watano kati ya vijana hao walianza kiwanda cha majiko ya mafuta, na wenye kiwanda ni wafanya kazi wenyewe. Kila mwanachama ana kura 1, mkubwa na mdogo. Hapo mwanzo mshahara wa mkubwa haukupita mara 3 ya mshahara wa mdogo. Mwaka 1959 wakafungua benki yao. Mwaka 1966 wakaanza Alecop, kiwanda cha wanafunzi, ambako kijana alifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Tangu 1997 wana chuo kikuu chao.

Sisemi kwamba kule ni peponi. Mwaka 2013 Fagor, kiwanda chao kikubwa cha vyombo vya nyumbani, kilianguka kwa madeni, na watu wakapoteza akiba. Lakini wanachama wengi walitafutiwa kazi katika vyama ndugu. Uongozi mwema hauzuii kila hasara. Bali hasara ikija, mzigo hautupwi juu ya mnyonge peke yake.

Ndugu zangu, sisi wa reli twalijua jambo hili. Hapana dereva aliyekabidhiwa gari kwa sababu ya kusoma kitabu. Huketi kwanza kando ya dereva mzee, akaujua mteremko, akaijua na breki. Mbona msomi wa biashara akabidhiwe sanduku la watu kwa cheti tu?

Kwa hiyo nashauri tuwapokee, kwa masharti matatu. Kwanza, kabla ya kufungua vitabu vyetu, wakae dirishani juma zima wawasikilize wanaoomba mikopo: wa karo, wa hospitali, wa matanga. Pili, watazame, waulize na waandike, lakini uamuzi wa fedha wasiuguse. Tatu, mwisho wa miezi mitatu wasimame mbele ya mkutano huu, watueleze hesabu zetu kwa Kiswahili ambacho mama anayefagia stesheni atakifahamu, naye awaulize maswali. Kisha sisi wenyewe tumwandikie mwalimu wao jinsi tulivyowaona.

Tukiwafukuza, hawataacha kuwa wakubwa. Watajifunza ukubwa mahali pengine, kwa watu wasiotujua, kisha watarudi kututawala. Samaki mkunje angali mbichi.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Naomba shauri hili lipigiwe kura leo.