Picha za Mradi Zifike na Zisomeke

Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika, Nduguti, wilayani Mkalama



Nimepewa dakika chache kuzungumzia picha za miradi. Huenda wengine mnaona hiyo ni kazi ya katibu peke yake. Lakini mfadhili aliye mbali hawezi kuja Nduguti kila robo mwaka kukagua tanki la maji. Anachokiona ni picha. Taarifa ikikwama njiani kwa uzito wa picha, fedha za awamu inayofuata nazo husubiri.

Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 na urefu wa 3000 ina nukta milioni 12. Ikihifadhiwa kama BMP ya kawaida, isiyobanwa, kila nukta huchukua baiti 3, jumla megabaiti 36. Ikiwa JPEG, picha hiyo hiyo huwa megabaiti chache tu. Gmail huruhusu viambatisho vya megabaiti 25 kwa barua moja. Hesabuni wenyewe.

Hakuna haja ya kununua programu. Paint, inayokuja pamoja na Windows, inatosha. Fungua picha, bofya Resize, chagua Pixels, na kwenye upana andika 1024. Hakikisha Maintain aspect ratio imewashwa, ili urefu ujirekebishe wenyewe kuwa 768. Isipowashwa, mama aliyesimama bombani anaweza kutokea mwembamba kama mlingoti, na hilo si jambo la kumfanyia mtu aliyekubali kupigwa picha. Kisha bofya Save as, chagua JPEG, na lipe faili jina jipya lenye kijiji, mradi na tarehe.

Nasisitiza hiyo Save as. Ukibofya Save tu, picha ndogo inakaa mahali pa ile kubwa, na hata ukiikuza baadaye hairudi ilivyokuwa. Ile kubwa tunaihitaji kwa uchapaji. Jarida zuri hutaka nukta 300 kwa inchi, hivyo pikseli 1024 zinatosha upana wa sentimita 8 na ushee, si ukurasa mzima. WhatsApp nayo huipunguza picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Ya kuchapwa itumeni kama hati.

Wenye iPhone, tangu mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha kama HEIC, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazifungui. Kubadili herufi za mwisho wa jina ziwe jpg hakubadilishi kilichomo ndani. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, mchague Most Compatible.

Kabla ya kutuma, fungueni ile picha ndogo msome maandishi yaliyo kwenye tanki. Tarehe isiposomeka, mpige nyingine kwa karibu.

Baada ya chai tutajaribu kwa picha zenu wenyewe. Mwenye flashi aje nayo mbele.