Kangaga Iliyodhaniwa Imetoweka

(Mazungumzo ya mratibu wa mradi wa mazingira wa dayosisi na vikundi vya vitalu vya miti)



Ndugu zangu, fomu yetu ya taarifa ya robo mwaka inauliza mmepanda miche mingapi. Haiulizi palikuwa na nini kabla hamjapanda. Fomu hiyo niliiandaa mimi, na siku hizi inanisumbua. Nitawaeleza kwa nini.

Katika Bahari ya Atlantiki, kati ya Afrika na Brazili, kuna kisiwa kiitwacho Ascension, yaani Kupaa, kwa kuwa Wareno walikipa jina hilo Siku ya Kupaa kwa Bwana mwaka 1503. Ni kisiwa cha volkano, na sehemu kubwa ni kavu. Ukungu hupatikana juu ya Green Mountain, mlima wenye urefu wa mita 859. Huko iliota kangaga ndogo sana, isiyopatikana penginepo duniani. Majani yake ungeyadhani ni giligilani.

Wareno waliacha mbuzi. Halafu mwaka 1843 akafika Mwingereza Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, akashauri mlima upandwe miti ili inase ukungu na askari wa kisiwani wapate maji. Simlaumu; andiko la mradi kama lile hata mimi ningelitia sahihi. Miti ikaletwa kutoka nchi nyingi, mlima ukawa kijani. Lakini ile kangaga ikasongwa na mimea ya kigeni, zikiwemo kangaga za aina nyingine zenye nguvu kuliko yenyewe. Ilionekana mara ya mwisho mwaka 1958. Mwaka 2003 ikatangazwa kuwa imetoweka.

Mwaka 2009, Stedson Stroud na Phil Lambdon walikuwa wakikagua mimea mlimani, wakaiona kwenye genge. Ilikuwa mimea minne tu! Wakawa wanashuka kwa kamba kuipalilia na kuimwagilia. Vipande vyenye spora, lile vumbi ambalo kangaga hulitumia badala ya mbegu, vilisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya Kew, London, navyo vilitakiwa kufika ndani ya saa 24. Vilifika, na miche ikaota.

Sasa, kabla ya kuchimba mashimo ya msimu ujao, kila kikundi kizungukie eneo lake pamoja na mzee anayejua majina ya mimea ya asili. Mtakayoyaona yaandikeni nyuma ya fomu, maana mbele sikuacha nafasi. Fomu mpya nitaileta mkutano ujao.